Modeli moja kwa kila kifaranga: matokeo yahifadhiwe vipi kwenye R?

pete_ya_mguu

Wakuu heshima kwenu.

Niko kwenye tasnifu ya uzamili, mambo ya ufugaji, hapa Morogoro. Nina vifaranga chotara 180, kila mmoja na pete yake mguuni, wamepimwa uzito kila wiki, wamegawanywa kwenye lishe nne. Msimamizi anataka kasi ya kukua ya kila kifaranga, kwa hiyo nafiti modeli moja kwa kila mmoja halafu nalinganisha lishe. Baada ya hapo anataka nichote sampuli upya mara 2,000 ili tupate mipaka ya asilimia 95.

Data zangu siwezi kuziweka hapa, ni mali ya mradi. Nimetumia ChickWeight, zile zinazokuja na R yenyewe (programu ya takwimu): vifaranga 50, mistari 578, lishe 4, uzito kwa gramu tangu kuanguliwa hadi siku ya 21. Matatizo yanatokea vilevile.

```
vipande <- split(ChickWeight, ChickWeight$Chick)
matokeo <- list()
for (i in 1:50) {
  matokeo[i] <- lm(weight ~ Time, data = vipande[[i]])
}
names(matokeo) <- as.character(unique(ChickWeight$Chick))
```

Kinachonisumbua ni hiki. R inanipa onyo hili mara nyingi:

```
number of items to replace is not a multiple of replacement length
```

lakini haigomi, inaendelea mpaka mwisho. Nikiita `summary(matokeo[[1]])` sipati jedwali la regresheni, napata wastani na robo za namba mbili tu.

Halafu kifaranga namba 1 anatoka na mteremko wa -2, yaani anapungua gramu 2 kila siku. Nikifungua data, huyo huyo namba 1 alianza na gramu 42 akamaliza na 205. Haiingii akilini.

La mwisho linahusu data zangu mwenyewe. Nilihifadhi kila modeli kwenye faili lake kwa `saveRDS`. Mafaili yote yana uzito unaokaribiana, hata la kifaranga mwenye vipimo viwili, na ni mazito kupita kiasi. `object.size` inasema modeli ni ndogo kabisa. Nilipoanza kuhifadhi na zile za sampuli, diski ikajaa, laptopu ikaganda.

Naombeni msaada, tarehe ya kuwasilisha inakaribia.

---

msomaji_kimya

Naweka mkeka hapa nisubiri wataalamu. Mimi mwenyewe nina mihogo yenye tatizo hilohilo.

---

bi_mizani

Mdogo wangu, pole. Umeuliza vizuri, umeweka data kila mtu anaweza kuendesha. Wengi humu wanatuma picha ya skrini iliyokatwa nusu halafu wanataka tuote.

Nianze na onyo, maana ndilo jepesi. Orodha ya R ina mabano ya aina mbili. `matokeo[i]` ni kipande cha orodha, `matokeo[[i]]` ni kilichomo ndani ya nafasi hiyo. Kitu kinachotoka kwenye `lm`, fanksheni inayofiti mstari, chenyewe ni orodha yenye vitu kadhaa: koefisienti, mabaki, thamani zilizokadiriwa, na vinginevyo. Ukikiweka kwenye `matokeo[i]`, R inaona unataka kuingiza vitu vingi kwenye nafasi moja, inachukua cha kwanza, vingine inavitupa, inakupa onyo. Cha kwanza kwenye `lm` ni koefisienti, yaani namba ya kuanzia na mteremko. Ndiyo maana unaona namba mbili, na ndiyo maana hukushtuka mapema: ulipata karibu kile ulichokitaka. Makosa sanifu yamepotea, ila mteremko upo.

Sasa la kifaranga namba 1, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu hili R haikupi onyo lolote.

Endesha hivi:

```
head(levels(ChickWeight$Chick))
head(as.character(unique(ChickWeight$Chick)))
```

Mstari wa kwanza utakupa 18, 16, 15, 13, 9, 20. Wa pili utakupa 1, 2, 3, 4, 5, 6. Safu ya Chick ni faktori iliyopangwa, yaani safu ya makundi yenye mpangilio wake, na aliyezitengeneza data hizi amewapanga vifaranga ndani ya kila lishe kuanzia mdogo kwenda mkubwa kwa uzito wa mwisho. `split` inafuata mpangilio wa faktori. `unique` inafuata mpangilio wa kutokea kwenye data. Wewe umegawa kwa mpangilio mmoja ukabandika majina kwa mpangilio mwingine.

Kwa hiyo huyo uliyemwita namba 1 ni namba 18. Mwangalie kwenye data: ana vipimo viwili tu, gramu 39 siku ya 0, gramu 35 siku ya 2. Gramu 4 zimepungua kwa siku 2, mteremko ni -2 kamili. Hesabu ni sahihi, mwenye hesabu siye.

Na bahati yako ni kwamba R ilianza na huyo. Angekuwa wa kwanza ni kifaranga wa kawaida anayeongezeka gramu 6 au 7 kwa siku, usingegundua, na kwa kuwa mchanganyiko unabaki ndani ya lishe ileile, wastani wa lishe ungetoka sahihi na kila jina likiwa si lake.

Dawa yake si kutafuta mpangilio sahihi wa majina. Dawa ni kutobandika majina baadaye kabisa. Namba ya kifaranga itoke kwenye kipande kilekile kilichofitiwa, iingie kwenye mstari uleule wa matokeo:

```
chota <- function(d) {
  m <- lm(weight ~ Time, data = d)
  s <- summary(m)
  k <- coef(s)
  data.frame(
    kifaranga = as.character(d$Chick[1]),
    lishe     = as.character(d$Diet[1]),
    n         = nrow(d),
    mteremko  = k["Time", "Estimate"],
    kosa      = k["Time", "Std. Error"],
    sigma     = s$sigma,
    hali      = "sawa"
  )
}

orodha  <- lapply(split(ChickWeight, ChickWeight$Chick), chota)
jedwali <- do.call(rbind, orodha)
```

Mistari 50, kila mmoja unajitambulisha. Hata ukilipanga jedwali upya kwa uzito au kwa lishe, namba haiachani na matokeo yake.

Angalia pia kwamba nimeita `k["Time", "Estimate"]` kwa majina, sikuandika `k[2, 1]`. Kuna sababu, utaiona ukienda kwenye data zako.

Mafaili mazito nawaachia wengine, kuna mtu humu anayapenda.

---

mwana_eksel

Vifaranga 180 si wengi. SLOPE ya Excel unaburuta chini tu, dakika kumi umemaliza.

---

bi_mizani

@mwana_eksel mara 180 sawa, buruta. Sampuli 2,000 utaburuta mpaka kuku watage.

---

fundi_seva

Nimeitwa bila kutajwa.

@pete_ya_mguu, swali moja kabla sijasema kitu. Hiyo `lm` inayohifadhiwa umeiandika ndani ya fanksheni? Na kwenye fanksheni hiyo kuna kitu gani kingine umekisoma?

---

pete_ya_mguu

Dada bi_mizani asante sana, nimeendesha, namba 1 sasa ni 1 na 18 ni 18. Nilikuwa nimeshaanza kumtilia shaka aliyepima.

@fundi_seva ndiyo, iko ndani ya fanksheni. Naifupisha hapa:

```
fanya <- function() {
  joto <- read.csv("joto_banda.csv")
  zote <- read.csv("uzito.csv")
  for (k in unique(zote$pete)) {
    m <- lm(uzito ~ siku, data = zote[zote$pete == k, ])
    saveRDS(m, paste0("modeli_", k, ".rds"))
  }
}
```

`joto` ni data za kihisi cha bandani, kinaandika kila dakika. Ila siitumii kwenye modeli hizi, ni ya sura nyingine ya tasnifu.

---

fundi_seva

Huitumii wewe, lakini kila faili lako linaibeba.

Fomula ya R, hiyo `uzito ~ siku`, si maandishi matupu. Inakumbuka mazingira ilikoandikwa, ili R ikikosa kigeu ndani ya data ijue pa kwenda kukitafuta. Yako imeandikwa ndani ya `fanya`, kwa hiyo mazingira yake ni kila kilichomo ndani ya `fanya` wakati huo: `joto` yote, `zote` yote, na `m` yenyewe. Modeli inaishika fomula, fomula inayashika mazingira, na `saveRDS` inaandika mnyororo wote kwenye diski. Kifaranga mwenye vipimo viwili anaandikiwa miezi yote ya joto la banda kila dakika. Ndiyo maana mafaili yanalingana.

`object.size` haikukudanganya, ila haihesabu mazingira. Imeandikwa hivyo kwenye maelezo yake. Ukitaka kujua uzito ambao kitu kitakuwa nao kikiandikwa, kabla ya kubanwa, pima hivi:

```
length(serialize(m, NULL))
```

Utapata baiti. Linganisha na `object.size(m)` uone pengo.

Ukilazimika kuhifadhi modeli nzima, andika fomula nje ya fanksheni zote:

```
fomula <- uzito ~ siku
```

halafu ndani uite `lm(fomula, data = ...)`. Hapo mazingira yake ni yale ya juu kabisa, na R ikiyaandika inaweka alama tu kwamba "ni yale ya juu", haimwagi vilivyomo. Mafaili yatapungua mara moja.

Utasikia watu wakikwambia uweke `qr = FALSE` na `model = FALSE` ndani ya `lm` ili ipungue. `model = FALSE` sawa. `qr = FALSE` itakutia hasara, kwa sababu `summary` inaihitaji ili itoe makosa sanifu. Utakuwa na modeli ndogo isiyojibu swali.

Lakini kwa kazi yako sioni kwa nini uhifadhi modeli hata moja. Jedwali la bi_mizani lina kila unachokihitaji. Siku mtu akitaka kuona mabaki ya kifaranga fulani, unafiti upya huyo mmoja. Data unazo, fomula unayo, haichukui hata sekunde.

---

pete_ya_mguu

Hii ya joto imeniacha hoi. Nimepima kama ulivyosema, karibu uzito wote ni `joto`.

Sasa nimehamisha `chota` kwenye data zangu, nikabadilisha majina ya safu. Imekwenda kidogo ikafa:

```
subscript out of bounds
```

Nimegundua anayeiua ni kifaranga aliyepimwa mara moja tu, alikufa wiki ya kwanza. Wako kadhaa wa hivyo. Nikazungushia `tryCatch`, inayokamata hitilafu, ikirudisha NULL (kitu tupu) akishindikana, ikapita mpaka mwisho. Jedwali limetoka na mistari 171. Niko sawa kuendelea?

---

bi_mizani

Hapana, usiendelee. 180 wameingia, 171 wametoka, na hao 9 hawakuchaguliwa kwa bahati nasibu. Ni waliokufa.

Kwanza kwa nini ilikufa. Kipimo kimoja hakiwezi kutoa mteremko, lakini `lm` haigomi, inakubali. Ukiita `coef(m)` utaona mteremko upo na thamani yake ni NA, yaani haijulikani. Ukiita `coef(summary(m))`, mstari huo haumo kabisa, umeondolewa. Ndiyo maana nilikuita kwa majina. Kwa `k["Time", ...]`, R haimpati anayeitwa, inapiga kelele. Na wewe kesho ukiongeza kigeu cha pili kwenye modeli, ukawa unachukua kwa namba ya mstari, mstari mmoja ukiondolewa wa chini yake anapanda, na `k[2, 1]` inakupa koefisienti ya kigeu kingine bila neno.

Sasa hiyo NULL. `do.call(rbind, ...)` ikikutana na NULL inaipita kimya. Kwa hiyo mzigo wote wa kukumbuka nani hayumo umebaki kichwani mwako. Kwenye lupu ya `for` ni mbaya zaidi: ukishaipa orodha majina mapema, `matokeo[[i]] <- NULL` inaifuta nafasi yenyewe pamoja na jina lake. Walio mbele wanasogea nyuma hatua moja, na wa tano akifutwa, kifaranga wa sita anaandikwa kwenye jina la wa saba. Tunarudi kulekule kwa namba 18.

Rudisha mstari kamili, hata kwa aliyeshindikana:

```
salama <- function(d) {
  tryCatch(chota(d), error = function(e)
    data.frame(
      kifaranga = as.character(d$Chick[1]),
      lishe     = as.character(d$Diet[1]),
      n         = nrow(d),
      mteremko  = NA_real_,
      kosa      = NA_real_,
      sigma     = NA_real_,
      hali      = conditionMessage(e)
    ))
}
```

Safu ziwe zilezile za `chota`, kwa majina yaleyale, la sivyo `rbind` itagoma. Baada ya hapo:

```
nrow(jedwali)
table(jedwali$lishe, jedwali$hali)
```

Ya kwanza lazima iseme 180. Ya pili ndiyo nataka uipeleke kwa msimamizi kabla ya mteremko wowote, kwa sababu inaonyesha lishe ipi imepoteza vifaranga wangapi. Kama lishe moja imeua sita na nyingine hakuna, ukiwafuta waliokufa lishe inayoua itaonekana nzuri: waliobaki kuhesabiwa ni wenye nguvu peke yao.

Hata ChickWeight ina jambo hili. Vifaranga 45 wana vipimo 12 kila mmoja. Watano rekodi zao zinakatika njiani: namba 8, 15, 16, 18 na 44. Wanne wa kwanza wote ni wa lishe ya 1. Mtazame namba 16: anaanza na gramu 41, siku ya 8 ana 57, siku ya 12 ana 54, halafu kimya. Ukisema "nitawachukua waliopimwa mpaka siku ya 21 tu", umeinyanyua lishe ya 1 kwa kalamu. Ndiyo maana kwenye jedwali nimeweka `n`. Namba 18 hakuleta hitilafu yoyote, amepata mteremko wake wa -2 na hali "sawa", lakini kosa lake sanifu ni NaN (si namba) kwa sababu nukta mbili zikipitiwa na mstari mmoja hakuna kinachobaki cha kupimia. Bila safu ya `n` na `kosa`, -2 yake inakaa kwenye wastani ikiwa na uzito sawa na ya kifaranga mwenye vipimo 12.

Na onyo nalo usilichanganye na hitilafu. Usiweke `warning =` kwenye hiyo `tryCatch`. Ukiiweka, R ikitoa onyo kidogo tu inaacha kazi palepale na modeli yote inapotea, hata kama ilikuwa imefitiwa vizuri.

---

mzee_wa_stata

Nawasoma vijana. Sisi wa Stata, programu nyingine ya takwimu, jambo hili tunalifanya kwa `postfile` tangu zamani, na linakulazimisha ufanye anachosema bi_mizani upende usipende, maana unatangaza safu kwanza ndipo unaanza kufiti:

```
tempname p
postfile `p' kifaranga n mteremko kosa rc using matokeo, replace
levelsof chick, local(wote)
foreach k of local wote {
    quietly count if chick == `k'
    local n = r(N)
    capture regress weight time if chick == `k'
    local rc = _rc
    if `rc' == 0 post `p' (`k') (`n') (_b[time]) (_se[time]) (`rc')
    else post `p' (`k') (`n') (.) (.) (`rc')
}
postclose `p'
```

Kuna `every()` ya kuandika kwenye diski kila baada ya mistari fulani. Umeme ukikatika, yaliyokwishaandikwa yapo.

Tahadhari moja kwa wanaohama kati ya hizi mbili. R ikishindwa kukadiria koefisienti kwa sababu vigeu vinafanana, inaweka NA. Stata inaweka 0. Ukichukua `_b[]` bila kuangalia, hiyo sifuri inaingia kwenye wastani kama kipimo halali.

---

pete_ya_mguu

Shikamoo mzee, asante.

Dada, nimefanya. Mistari 180 ipo. Kati ya wale 9, saba ni wa lishe ya tatu. Msimamizi nimempelekea `table` hiyo peke yake, amenipigia simu hapo hapo. Kumbe kulikuwa na gunia la chakula lililoingia unyevu.

Nabaki na sampuli 2,000. Nimepiga hesabu: vifaranga 180 mara 2,000 ni modeli 360,000. Nafikiria kuiacha usiku kucha, ila umeme wa huku mnaujua.

---

bi_mizani

Usiache kitu usiku. Hebu fikiria unachota nini.

Vipimo vya kifaranga mmoja vinafuatana, mzito wiki hii ni mzito wiki ijayo. Kwa hiyo huchoti mistari ya uzito, unachota vifaranga wazimawazima. Mteremko wa kifaranga unategemea vipimo vyake mwenyewe tu. Awe amechotwa mara moja, mara tatu, au akiwa na majirani gani, mteremko wake ni uleule. Na tayari umeuandika kwenye jedwali.

Kwa hiyo hizo modeli 360,000 ni modeli 180 zilezile zikirudiwa. Chota mistari ya jedwali:

```
set.seed(2024)
x <- jedwali$mteremko[jedwali$lishe == "3"]
wastani <- replicate(2000,
  mean(sample(x, replace = TRUE), na.rm = TRUE))
quantile(wastani, c(0.025, 0.975))
```

Itaisha kabla hujainua kikombe. `replicate` hapa inakurudishia vekta ya namba 2,000 moja kwa moja, hakuna orodha wala faili. Hiyo `na.rm` iandike wazi kwenye tasnifu: mipaka hii ni ya vifaranga waliopimika, na vifo vinaripotiwa pembeni kwenye jedwali lake. Kwa lishe ya tatu, vifo saba ni matokeo makubwa kuliko mteremko.

Hali ingekuwa tofauti kama ungekuwa na modeli moja ya vifaranga wote kwa pamoja, mfano ya pakeji ya lme4, ambayo mwenye vipimo vichache inampa uzito mdogo. Hapo kila sampuli inabadilisha kila kitu, lazima ufiti upya, na aliyechotwa mara mbili apewe namba mpya kila mara, la sivyo modeli itawaona ni kifaranga mmoja mwenye vipimo 24. Ukifika huko gawa kazi kwa mafungu ya 100, kila fungu na mbegu yake (namba ya `set.seed`) na faili lake, na kabla ya kuanza fungu uangalie `file.exists`. Umeme ukirudi unaendesha msimbo uleule, unaruka yaliyokwisha.

---

fundi_seva

Na faili la fungu liandikwe kwanza kwa jina la muda, likikamilika ndipo `file.rename`. La sivyo umeme ukikatika katikati ya kuandika, faili bovu litakuwepo kwa jina lake, `file.exists` itasema ndiyo, na fungu hilo halitafitiwa tena.

---

pete_ya_mguu

Imeisha. Nilikuwa nimeshaazima laptopu ya pili ya kuachia usiku.

La mwisho kabisa: jedwali nilihifadhi kwa CSV au RDS? Msimamizi anatumia Excel.

---

fundi_seva

Vyote viwili. RDS yako, CSV ya msimamizi.

Pete zako zimeandikwaje? 1, 2, 3, au 001, 002, 003?

---

pete_ya_mguu

001 hadi 180.

---

fundi_seva

Basi ukisoma CSV (na `uzito.csv` nayo, kwa safu ya `pete`):

```
read.csv("jedwali.csv", colClasses = c(kifaranga = "character"))
```

Bila hivyo 007 inarudi ikiwa 7, na ukijaribu kuliunganisha na daftari la bandani kwa `merge`, wote wa 001 hadi 099 hawataonekana. Na umwambie msimamizi asilifungue kwa Excel akalihifadhi juu ya lilelile, nayo inafuta sifuri hizo.

---

msomaji_kimya

Mihogo yangu ina vibao vya 01 mpaka 96. Nimeenda kuangalia, sifuri hazipo. Nafungua uzi wangu.